Milango Isiyoonekana ya Nyumba Zetu

Mtu ajengaye nyumba hufikiri sana juu ya milango yake. Hutafuta mbao nzuri, komeo madhubuti na fundi mwaminifu. Na siku ya kuhamia hujua funguo ni ngapi na nani anazo. Lakini nyumba hiyo hiyo siku hizi huingizwa kijisanduku chenye antena mbili au tatu, kiitwacho ruta, nacho kina namba za milango 65,535. Na aghlabu hapana mtu hata mmoja nyumbani ajuaye ni upi ulio wazi na ni upi uliofungwa. Mimi nami nilikuwa katika hao wasiojua.

Nyumba yetu iko Mombasa. Mama ni mtu mzima, na usiku mmoja alianguka alipokuwa akienda msalani, asionekane na mtu mpaka alfajiri. Mdogo wangu anafanya kazi Uingereza. Aliposikia khabari ile akanipigia simu: "Kaka, mimi sipati usingizi. Tia kamera ukumbini, nimwone japo kwa simu." Basi tukanunua ruta mpya isiyotumia waya, na kamera igeukayo huku na huku, na fundi akaja kuzifunga. Hapa nyumbani picha ilionekana vizuri, lakini Uingereza haikuonekana. Fundi akarudi kwenye kompyuta, akabonyeza hapa na pale kwa muda usiofika dakika tano, kisha akasema, "Tayari." Na kweli, mdogo wangu akamwona mama. Tukamlipa fundi, tukamshukuru, akaenda zake.

Haukupita mwezi mama akaniita. "Mwanangu, mwambie mdogo wako asiizungushezungushe hiyo kamera. Jana shoga zangu walikuwa wamekaa hapa wamevua mitandio yao, nayo ikawa yawafuata mmoja mmoja."

Nikampigia mdogo wangu kwa hasira. Akaniapia kwamba siku hiyo alikuwa kazini tangu asubuhi wala hakuifungua kamera. "Kaka," akasema, "mimi hata kuigeuza sijui." Hapo baridi ikanipanda mwilini, nikaenda nikaing'oa kamera katika umeme, kisha nikakaa chini kujifunza yale ambayo ilinipasa kuyajua kabla ya kumwita fundi.

Jambo lenyewe si gumu kufahamika. Wengi wetu tumesoma katika shule iliyokuwa na sanduku moja la posta. Barua za wanafunzi wote na walimu wote zilikuja kwa namba moja ya sanduku, na karani wa shule ndiye aliyezigawa. Ruta ni karani huyo. Nyumba ina anwani moja tu ya nje katika intaneti, na ndani ruta huvipa vyombo anwani zake za nyumbani, mathalan 192.168.1.20 kwa simu na 192.168.1.21 kwa kamera. Sababu yake ni uchache wa anwani. Zile za mpango wa zamani, ambao bado watumika sana, hazizidi bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na mafungu ya mwisho ya akiba kuu yaligawiwa mwezi wa Februari 2011. Ndiyo maana katika miaka ya 1990 yalitengwa mafungu ya anwani za ndani, na 192.168 ni mojawapo, ambazo nyumba yangu na yako twaweza kuzitumia sote pasina kugongana.

Sasa, anwani yafikisha barua kwenye chombo. Lakini chombo kimoja kina kazi nyingi kwa wakati mmoja, na kila kazi yahitaji mlango wake. Milango hiyo ni namba tu, nayo mingi ya ile midogo ina wenyewe wanaojulikana: kurasa za wazi hupita 80, kurasa zilizofichwa kwa siri hupita 443, barua za kompyuta hupelekwa kwa 25, na kuuliza majina ya anwani hupita 53. Mtoto akifungua kitabu katika intaneti, karani huandika katika daftari lake kwamba fulani ameuliza. Jawabu lirudipo, hulipeleka kwake. Lakini barua ijayo kutoka nje bila ya mtu yeyote wa ndani kuiuliza, karani hana wa kumpa, naye huitupa. Tabia hiyo ya kuitupa imezilinda nyumba nyingi ambazo wenyewe hawajui kwamba zalindwa.

Kamera yetu haikuonekana Uingereza kwa sababu hiyo. Mdogo wangu alikuwa akipiga hodi, na karani hakujua ni hodi ya chumba gani. Fundi angeweza kumwambia karani: hodi ijayo kwa namba fulani, ipeleke kwa kamera. Yeye aliona kazi hiyo ndefu. Katika ruta pana mahali pameandikwa DMZ, ambapo ukiandika anwani ya chombo kimoja, basi kila hodi isiyo na mwenyewe, kwa namba yoyote, hupelekwa kwa chombo hicho. Akaandika anwani ya kamera. Na neno la siri la kamera akaliacha lile la kiwandani, ambalo limechapwa katika kijitabu cha kila aliyenunua kamera ya namna ile. Ni kana kwamba mtu aliondoa mlango wa mbele pamoja na fremu yake, kisha akatundika ufunguo wa ndani ukutani.

Mtu aweza kusema: nani hata ajue kwamba nyumba ya bibi kizee Mombasa ina mlango wazi? Nami nilisema hivyo. Lakini hapana anayekutafuta wewe kwa jina lako. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha programu iwezayo kubisha mlango mmoja katika anwani zote za mpango ule wa zamani, dunia nzima, kwa muda usiozidi dakika 45, kwa kompyuta moja tu. Mwaka 2016 ikaja programu mbaya iliyoitwa Mirai. Hiyo ilibisha milango ya namba 23 na 2323, na palipoitikiwa ikajaribu maneno ya siri ya viwandani yapatayo 60. Kwa njia hiyo tu ikateka kamera na ruta kwa mamia ya maelfu, na tarehe 21 Oktoba 2016 vyombo vilivyotekwa namna hiyo vikaelekezwa kwa kampuni ya Dyn ya Marekani, hata watu wengi wakashindwa kufungua Twitter na Netflix kwa saa kadhaa. Wenye kamera hizo hawakuwa na khabari. Kamera zao ziliendelea kuonyesha picha kama kawaida. Vijana watatu wa Marekani walikiri mahakamani mwaka 2017 kwamba ndio walioiunda programu ile.

Basi nilipoanza upya, nilianza na matundu ya nyuma ya ruta, kwani hata hapo tulikuwa tumekosea. Tundu moja hutengwa na mengine, aghlabu kwa rangi, na huandikwa WAN au Internet. Hilo ndilo la waya utokao kwa kampuni ya intaneti. Mengine, ambayo mara nyingi ni manne, ni ya vyombo vya ndani. Waya wa kampuni ukitiwa katika tundu la ndani, makarani wawili huanza kugawa anwani katika nyumba moja, na intaneti huja ikapotea, nasi tukawalaumu watu wa kampuni bure.

Kisha nikaingia katika ruta kwa anwani iliyoandikwa chini yake, nikabadilisha neno la siri la msimamizi. Hili si lile la waifai! Waifai huwapa hata wageni. Hili la msimamizi hapewi mtu. Waifai nayo nikaiwekea ulinzi wa WPA3, na mwenye simu za zamani zisizoujua huo atosheke na WPA2. Nikafuta anwani ya kamera katika DMZ. Nikaitafuta programu mpya ya ruta na ya kamera kutoka kwa waliozitengeneza, kwani hizi husahihishwa makosa kila mara. Nikafunga ruhusa ya kuisimamia ruta kutoka nje. Na nikafunga kitu kiitwacho UPnP, ambacho hukiruhusu chombo chochote cha ndani kumwambia karani afungue mlango bila ya kumwuliza mwenye nyumba. Vijana wa michezo ya kompyuta watanung'unika hapa, kwa kuwa michezo yao huipenda sana UPnP. Waacheni wanung'unike, mchezo ukihitaji mlango, na aje aseme ni namba ngapi, afunguliwe huo.

Kufungua mlango mmoja kwa mkono kuna mambo matatu. Kwanza chombo kipewe anwani ya ndani isiyobadilika. Kuna mahali katika ruta pa kuihifadhi. Usipofanya hivyo, umeme ukikatika na kurudi, kamera yaweza kupewa 192.168.1.25, na ile 21 uliyoifungulia mlango ikaenda kwa kompyuta ya mtoto. Kisha uandike namba ya mlango wa nje, anwani ya chombo, na namba ya mlango wa ndani. Kisha uchague njia, TCP au UDP, kama kijitabu cha chombo kisemavyo. Wengi huchagua zote mbili kwa uvivu, na hivyo hufungua milango miwili walipohitaji mmoja. Baada ya hayo jaribu kutoka nje kwa kweli: zima waifai katika simu yako, tumia intaneti ya simu. Kujaribu ukiwa ndani kwaweza kukudanganya.

Yawezekana ukafanya haya yote sawasawa na hodi isisikike. Tazama katika ruta anwani iliyopewa na kampuni. Ikianza na 192.168 au 10, basi mbele yako yupo karani mwingine, pengine kile kisanduku cha kampuni kilicho ukutani kwako. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, hilo ni fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni zinazowakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo utabonyeza mpaka usiku bila faida, na dawa ni kuiomba kampuni anwani yako ya nje, aghlabu kwa malipo.

Nikaufungua mlango mmoja wa kamera, nikalala, na asubuhi nikautazama tena kwa jicho jingine. Mlango ule mmoja ulimfikisha mgeni mpaka kwenye kamera yenyewe, na kilichosimama baina yake na ukumbi wa mama ni neno la siri na uhodari wa watu walioitengeneza kamera ya bei rahisi. Kubadilisha namba ya nje, kama wengine wafanyavyo, 80 ikawa 8080, sikuona kwamba ni kinga, maana abishaye milango yote haoni taabu kuubisha na huo. Nikaufunga.

Badala yake nilitumia njia ya siri iitwayo VPN, ambayo baadhi ya ruta mpya huwa nayo ndani yake. Ya kwetu ni ya namna ya WireGuard, ambayo kwa kawaida hutumia mlango 51820 wa UDP. Mlango ni mmoja vile vile, lakini tofauti yake ni kubwa: asiye na ufunguo akibisha hajibiwi neno, hata asijue kama pana mlango. Ufunguo umo katika simu ya mdogo wangu. Akiuwasha, simu yake huwa kana kwamba iko hapa ukumbini, naye huiona kamera kama mtu wa nyumbani. Mwenye kutaka kufanya hivi na atazame kwanza sheria za anakoishi, na za huko aliko nduguye, kwani zahitilafiana. Ndugu zetu wa Tanzania, mathalan, walitakiwa na Mamlaka yao ya Mawasiliano mwaka 2023 wajiandikishe watumiao VPN.

Nani aliyeigeuza kamera siku ile sikumjua, wala sitamjua, wala sijui aliona nini kwa siku ngapi. Nilimweleza mama yote bila kumficha, na kwa shoga zake akaenda mwenyewe. Wawili walisamehe papo hapo. Wa tatu hajatia mguu nyumbani kwetu mpaka leo.

Fundi nilimpigia simu. Alisikitika kwa kweli, akaniambia nyumba nyingine alizozifunga kwa namna ile ni nyingi, na hakuwa na orodha yake. Tukakaa pamoja tukakumbuka kumi na moja. Amezipitia tisa.

Kamera tumeihamisha ukumbini. Sasa yaangalia njia ya msalani tu, wala haiwezi kugeuka, maana tuliyoirudisha ni ya namna isiyogeuka. Mdogo wangu humtazama mama kila usiku kabla ya kulala. Mama humruhusu, lakini mchana, wageni wakibisha hodi, kwanza huenda akaifunika kamera kwa kanga, ndipo huitikia.