Fomu ya tovuti yako isiwe mlango wa matapeli

Una gesti Mbita, duka la vipuri Migori mjini ama shule ndogo Rongo. Tovuti iko, picha zimetulia, na pale chini kuna fomu ya "Wasiliana Nasi". Sasa niambie: mtu akibonyeza "Tuma", ujumbe wake huenda wapi?

Mimi sikuwa nimewahi kujiuliza. Niliacha chuo karo iliponishinda, nikajifunza kutengeneza tovuti kwa bando za usiku. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mwenye gesti kando ya ziwa, Homa Bay. Fomu niliyomtengenezea iliuliza jina, simu, tarehe ya kufika na nambari ya kitambulisho. Kitambulisho cha nini? Ilionekana rasmi, basi.

Siku moja mgeni kutoka Migori akapigiwa simu. Aliyepiga alijua jina lake kamili, kitambulisho chake na siku ya safari. Akamwambia atume pesa ya kushikilia chumba. Akatuma. Alipofika, mama hakuwa na habari.

Kosa lilikuwa langu. Fomu ilikuwa ikihifadhi kila ujumbe kwenye faili moja ndani ya folda ya tovuti, bila nywila. Yeyote aliyebahatisha anwani ya faili hiyo alisoma yote. Mama alimpa mgeni chumba bure, nami nikamlipa mama kidogo kidogo. "Nyathina," aliniambia, "wageni waliniamini mimi, si kompyuta yako."

Kwa hivyo usingoje yakupate. Fanya hivi:

Punguza maswali. Mtu anayeuliza bei ya chumba, jina, simu na ujumbe vinatosha. Kitambulisho atakuonyesha akifika. Mwizi hawezi kuiba usichokuwa nacho.

Washa HTTPS. Bila hiyo, ujumbe unasafiri wazi kama postikadi, na aliye kwenye Wi-Fi moja na mteja wako anaweza kuusoma. Cheti cha Let's Encrypt ni cha bure.

Zuia boti. Si zile za kuvulia omena. Hizi ni programu zinazojaza fomu zenyewe usiku kucha. Weka kisanduku ambacho binadamu hakioni. Kikijazwa, ni boti hiyo, tupa ujumbe.

Usiamini kilichoandikwa. Ukaguzi ufanyike kwenye seva, kwa sababu ule wa kivinjari mjanja anauruka. Barua pepe itoke kwa anwani ya tovuti yako, ile ya mteja ikae kwenye sehemu ya kujibu tu. Ukitumia WordPress, sasisha plagini.

Futa. Mgeni akishaondoka, ujumbe wake unakaa hapo ukingoja nini?

Ukidhani haya ni ya kampuni kubwa za Nairobi, pole. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakugusa hata wewe. Biashara ndogo, ya mapato chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, husamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data, lakini gesti, shule na kliniki hazimo kwenye msamaha huo. Data ikivuja na kuna hatari ya watu kuumia, una saa 72 za kumwarifu Kamishna. Na adhabu si hadithi: mwaka 2023 shule moja ilitozwa Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Gesti ya mama bado iko na fomu bado ipo, lakini siku hizi ina visanduku vitatu tu. Wageni hawajapungua.

Leo jioni fungua fomu yako mwenyewe, ujaze kama mteja, kisha ufuate huo ujumbe hadi unapolala. Ukikosa kuupata, mwite aliyekutengenezea tovuti. Akikosa jibu, zima fomu hiyo kwanza, uache nambari ya simu tu.