Kitabu Kinachomsubiri Mtoto

Wasomaji wa kitabu chetu hiki cha mwaka wataniwia radhi nikianza na la kale kabla ya kufika kwenye jambo jipya. Sisi tuliosoma chuoni Unguja katika miaka ya 1960 hatukuwa na madarasa. Tulikuwa na mkeka, maalim mmoja, na watoto thalathini ambao kila mmoja alikuwa mahali pake: huyu yumo katika alifu na be, yule anatia irabu, mwengine yumo katika juzuu ya Amma, na wakubwa wameshavuka nusu ya msahafu. Maalim alituita kwa zamu, akatusikiliza, na aliyeonekana hajaiva alirejeshwa palepale pa jana. Hakuna aliyesukumwa mbele kwa kuwa mwenzake kaenda mbele. Skuli ndiyo iliyotutia sote katika ukurasa mmoja, na nilipokuja kuwa mwalimu wa darasa la kwanza, nikiwa na watoto hamsini mbele yangu, niliona jinsi ukurasa huo ulivyokuwa mbio kwa baadhi yao na usingizi kwa wengine.

Nayasema haya kwa sababu hapa Uingereza wazazi vijana wa jamii yetu huniuliza sana juu ya vitabu vya kielektroniki vinavyomjibu mtoto. Wengine wanaviogopa kama shetani, wengine wanavipokea kama dawa. Mimi navitazama kama mtu wa chuoni, na naona kwamba jambo linalosifiwa kuwa geni, yaani kila mtoto kusoma kwa mwendo wake, tulilijua tukiwa bado hatujang'oa meno ya utotoni. Mtoto anashika kishikwambi, au tableti kama wanavyosema wajukuu, anagusa neno nalo linatamkwa, anagusa picha nayo inasogea. Anaulizwa. Akipatia anapelekwa mbele; akikosea analetewa jambo jepesi zaidi, kisha anarejeshwa kwenye lile lile lililomshinda. Kitabu hakichoki wala hakina bakora. Katika hilo la pili, nakiri, kinawashinda maalim wengi wa zama zetu.

Na wala si maneno matupu. Majaribio makubwa ya vitabu vya namna hii yalifanywa kwa lugha yetu wenyewe, katika mkoa wa Tanga. Kulikuwa na shindano lililoitwa Global Learning XPRIZE, lililotangazwa mwaka 2014, na fedha zake zilitolewa na tajiri Elon Musk. Washindani walitakiwa watunge programu itakayomfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu pasi na mwalimu. Tangu mwishoni mwa 2017 hadi mwanzoni mwa 2019, kwa muda wa miezi 15, watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi vilivyotolewa na Google, vikichajiwa kwa nguvu za jua palepale kijijini. Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walishiriki. Waandalizi walieleza kwamba kabla ya kuanza, zaidi ya watoto 90 katika kila 100 walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili, na kwamba baadaye idadi ya wasiojua kabisa ilipungua kwa nusu. Mwezi wa Mei 2019 wawili waligawana zawadi ya dola milioni 10: Kitkit School, na onebillion ya hapa London. Mshindani mwengine aliyefika fainali, RoboTutor wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani, alitunga programu iliyomsikiliza mtoto akisoma kwa sauti. Yaani hata sikio la maalim limeigizwa!

Basi mzazi anayezisoma habari hizi hukimbilia kusema: kama mtoto wa kijijini Tanga kasomeshwa na kishikwambi peke yake, wangu wa Leicester kinamshinda nini? Nitamnunulia, na Kiswahili atakipata.

Hapa ndipo ninapoomba tutulie kidogo.

Mtoto wa Tanga alipofunguliwa kitabu chake tayari alikuwa na Kiswahili. Alikuwa nacho masikioni tangu mgongoni kwa mama yake. Alipounganisha *ma* na *ji*, na sauti ikatoka, aliyajua maji. Alikuwa ameyateka asubuhi ile. Kazi ya kitabu ilikuwa kumwonyesha jinsi neno analolijua linavyokaa katika maandishi, na kwa Kiswahili kazi hiyo ni nyepesi kuliko kwa Kiingereza. Sisi tuna irabu tano zisizobadilika. Mtoto akishika *ba be bi bo bu* na ndugu zake, neno refu lolote analikata vipande na kulitamka. Mtoto wa Kiingereza ana mlima mrefu zaidi, maana herufi zile zile leo zinatamkwa hivi na kesho vile.

Lakini wepesi huo una mtego. Mjukuu wangu wa miaka sita, ambaye nyumbani kwao hasikii ila Kiingereza, nilimfundisha silabi kwa wiki chache, akaanza kunisomea kurasa nzima kwa sauti safi. Mama yake alifurahi mpaka machozi. Nikamuuliza mtoto, "Sungura kafanya nini?" Akanitazama tu.

Tangu mwaka 2012 watoto wa darasa la mwaka wa kwanza hapa England hupimwa kwa maneno 40, na nusu yake hayana maana yoyote. Yametungwa ili ijulikane kama mtoto anaweza kuunganisha sauti. Kwa mjukuu wangu, hadithi nzima ya sungura ilikuwa maneno ya namna hiyo. Nasi wa chuoni tusijifanye hatulijui jambo hili, kwani wangapi wetu tulihitimu msahafu, tukapikiwa wali na kusomewa dua, bila ya kuelewa aya tatu za Kiarabu?

Tena yapo mambo ambayo kitabu chenyewe huyaharibu. Mzazi mmoja alinionyesha kitabu cha Kiswahili alichokilipia, kinachosoma kwa sauti ya mashine, na ng'ombe wake alitamkwa kwa *ng* ya ngoma. Mtoto mwenye bibi nyumbani atacheka. Asiye na bibi atamchukua ng'ombe huyo mpaka uzeeni.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa nyumba zetu ni kwamba kishikwambi kiwe mkononi mwa mtoto, na mtu mzima awe ubavuni mwake, akisema Kiswahili. Dakika ishirini zinatosha. Mtoto akisoma "kikapu", aletewe kikapu. Akisoma "kuna", kama nyumba ina mbuzi ya nazi, akalishwe juu yake akune, ingawa nazi ya dukani hapa haina maji wala ladha. Kisha mwulizeni maswali ambayo kitabu hakiyaulizi, nanyi mjibiwe kwa Kiswahili hata kama ni cha kuvunjikavunjika.

Wala hamlazimiki kununua. African Storybook, kazi iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2014 na taasisi ya Saide, ina hadithi nyingi za Kiswahili za kusomwa bure katika intaneti, na vivyo hivyo StoryWeaver ya Pratham Books ya India, iliyoanza 2015. Kote kuwili ruhusa ipo ya kutafsiri na kutunga hadithi mpya. Watoto wetu wakute humo soko la Darajani, mvua ya masika na shangazi aliyepotezewa mzigo uwanja wa ndege, kwa Kiswahili tunachokisema sisi.

Mimi na wenzangu wawili tumeshaandika hadithi nne fupi, na binti mmoja wa jamii yetu anazichorea picha. Tunachokosa ni wasomaji wa kurikodiwa sauti, wanaume na wanawake, wenye kutamka *ng'* na *gh* sawasawa. Walio tayari waje tuonane siku ya mkutano wetu wa mwaka, baada ya chakula cha mchana, pale upande wa jikoni ambako hakuna kelele za watoto.