"Bunduki haina ndugu," aliniambia mama

Watu wa mtaa wangu hapa Mombasa wakisikia kwamba mimi, muuza vitambaa wa miaka 43, najitayarisha kuingia mashindano ya kulenga shabaha kwa bunduki, hucheka kwanza, kisha huniuliza kwa sauti ya chini kama nina ruhusa ya serikali. Siwalaumu. Sisi watu wa mwambao twajua mashindano ya ngalawa, ya punda na ya bao. Bunduki twaijua mikononi mwa askari, na raia akionekana nayo mtaa mzima haulali.

Basi kwanza niuondoe wasiwasi huo. Bunduki si yangu. Ni mali ya klabu, na hulala ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, kwani Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kujiwekea bunduki bila cheti. Mimi huishika uwanjani tu, tena chini ya macho ya msimamizi. Ni bunduki ndogo ya .22, ambayo risasi yake haifiki uzito wa gramu 3. Lakini ndogo au kubwa, risasi ni risasi.

Mashindano yenyewe ni ya wenyeji watupu, Jumamosi ijayo. Kila mtu atapiga risasi 20, akiwa amelala kifudifudi, kwa umbali wa mita 50. Risasi moja ina alama 10, kwa hivyo mwisho wa yote ni 200. Msomaji asidhani ni jambo jepesi. Kwa kipimo cha kimataifa, duara la kumi katika shabaha ya mita 50 lina upana wa milimita 10.4 tu. Chukua kifungo cha kanzu, kibandike ukutani, kisha rudi nyuma hatua sitini ukitazame!

Vijana wa barazani kwetu walimwona yule Mturuki, Yusuf Dikeç, katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, akipiga bastola huku mkono mmoja ameutia mfukoni. Alikuwa na miaka 51, na yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan wakapata medali ya fedha. Vijana wakaona kumbe ni mchezo wa kujistarehesha. Waliuona mkono mfukoni, hawakuiona miaka. Hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya tano.

KAHAWA NIMEIACHA

Mwalimu wetu ni askari mstaafu ambaye sote twamwita Mzee Sajini. Siku ya kwanza hakunipa hata risasi moja. Alinilaza juu ya turubai, akanifunga ukanda wa bunduki katika mkono wa kushoto, akaniamuru nifumbe macho na kushusha pumzi.

"Sasa fumbua. Bunduki yaelekea wapi?"

"Kando ya shabaha, Mzee."

"Basi usiisukume kwa mikono. Sogeza kiwiliwili chako chote mpaka ielekee yenyewe. Mkono ukilazimishwa hutetema."

Hilo lilinichukua wiki mbili. Kisha likaja somo la pumzi. Mtu huvuta pumzi, huitoa, na katika ule utulivu kabla ya kuvuta nyingine ndipo kidole hubana kifyatulio, polepole, kama anayeminya ndimu asitake mbegu zitoke. Zikipita kama sekunde nane hujafyatua, acha, pumua, anza upya, kwa maana jicho limekwisha choka.

Siku moja Mzee Sajini alitazama vidole vyangu vikicheza, akaniuliza nanywa kahawa kiasi gani. Nikamjibu kwamba baina ya magharibi na isha vikombe havipungui sita. Alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu siku ile kahawa nimeiacha, na wenzangu barazani wamekata shauri kwamba nimepatwa na kisukari.

Upepo nao ni mwalimu mwingine. Asubuhi huwa shwari, lakini ikifika saa nne pepo za baharini huamka, na vile vibendera vya uwanjani huanza kupepea. Upepo mdogo tu watosha kuitoa risasi ndani ya kumi. Mwanafunzi akiona risasi moja imekwenda kushoto hukimbilia kurekebisha, na ya pili ikaenda kulia, akawa mtu wa kufukuza kivuli chake. Mzee Sajini hutuambia: piga tano kwanza, kisha utazame zimekusanyika wapi.

YALIYONIPATA

Lakini kizuizi changu kikubwa hakikuwa upepo wala kahawa. Kilikuwa mama.

Mama alipokuwa msichana, kaka yake alipasukiwa na gobori shambani akifukuza nguruwe mwitu waliokuwa wakila mihogo. Alipoteza jicho moja na vidole viwili. Niliposema nataka kujifunza shabaha, mama aliacha kula.

"Mwanangu, bunduki haina ndugu," akasema.

Nami nikajifanya msomi. Nikamkumbusha hadithi ya Uqba bin Amir, iliyomo katika Sahih Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikariri mara tatu kuwa nguvu ni kulenga shabaha. Mama hakusoma vitabu vingi, lakini hakukawia kunijibu. Akaniuliza kama mwalimu wangu amenisomesha na ile ya Abu Huraira, inayotukataza kumwelekezea ndugu silaha, kwani mtu hajui, huenda Shetani akauvuta mkono wake. Nikanyamaza.

Majuma matatu yaliyopita nilikuwa nimelala pale uwanjani, nimekwisha piga risasi nne. Mtu nyuma yangu akaniita kwa jina. Nami, kwa ujinga wangu, nikageuka na bunduki mkononi. Mtutu ukapita mbele ya wenzangu wawili.

Hapakutoka risasi. Chemba ilikuwa tupu, alhamdulillahi. Lakini Mzee Sajini alikuja, akaichukua bunduki bila kupiga kelele, akasema, "Nenda nyumbani. Urudi baada ya wiki mbili, ukipenda kurudi." Wale wawili hawakunitazama.

Nilikaa siku tatu na jambo hilo kooni. Ningeweza kulificha, mama hana njia ya kulijua. Usiku wa nne, baada ya isha, nilikwenda chumbani kwake nikamweleza lote, na nikamwambia akisema niache, nitaacha.

Alikaa kimya kitambo, tasbihi ikizunguka vidoleni. Mwisho akauliza: "Huyo mzee, alikufukuza hapo hapo?"

"Hapo hapo, mama."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Basi mwambie namsalimu. Nawe ukarudi kwake."

Nimerudi. Siku hizi mtu akiniita nikiwa nimelala kwenye turubai, huiweka bunduki chini kwanza, mtutu ukitazama shabaha, ndipo nigeuze shingo. Wale wenzangu wawili nimewaomba radhi, nao wamenisamehe.

Katika mazoezi ya juzi nilipata alama 161. Kwa mashindano ya kwanza, nikipata hizo tena nitashukuru. Mama ameniamuru nipite kwake Jumamosi asubuhi kabla sijaondoka. Anasema ana dua ya kunisomea, na ataniandalia maziwa badala ya kahawa.