Taa ya ABS ikiwaka, usiifumbie macho



Tumezoea kuzungumza hapa juu ya kofia, viatu na mavumbi ya mgodi. Leo tuangalie taa ndogo ya manjano iliyo mbele ya shofere wa kamioneti, yenye herufi tatu: ABS. Mashofere wengi wanaiona ikiwaka, wanasema, «Inawaka siku zote,» na wanaendelea na safari wakiwa wamebeba watu nyuma.

ABS inafanya kazi gani?

Ukikanyaga freni kwa nguvu kwenye matope, magurudumu hukwama, gari huteleza, na usukani haukusikii tena. Mwaka 1978 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa ABS ya elektroniki, ikafungwa kwanza katika magari ya Mercedes-Benz, ili kuzuia jambo hilo. Karibu na gurudumu kuna kapteri, kidude kinachopima mwendo wake kwa kutazama pete yenye meno. Habari zinakwenda kwa waya hadi kwenye kompyuta ndogo. Ikiona gurudumu moja linataka kukwama, inalegeza freni yake na kuikaza tena, mara nyingi katika sekunde moja. Mguu wako utasikia mtetemo. Usiogope, usiondoe mguu.

Taa inasema nini?

Ya manjano peke yake: ABS imejizima. Freni za kawaida bado zipo, lakini magurudumu yanaweza kukwama. Punguza mwendo, acha nafasi kubwa mbele yako, na upeleke gari garaji.

Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya freni, na freni ya mkono umeiachia: simama mahali salama. Usiendelee. Huenda mafuta ya freni yamepungua au yanavuja.

Namna ya kutafuta ugonjwa

Fundi, usikimbilie kununua kapteri mpya. Mashine ya kusoma makosa ikikuonyesha gurudumu la mbele kushoto, haikuambii kwamba kapteri imekufa. Inakuambia tu kwamba habari za gurudumu lile hazifiki vizuri. Fuata utaratibu huu:

1. Tazama mapine. Pine lenye kipimo tofauti na mengine huzunguka kwa mwendo wake, na kompyuta huchanganyikiwa.

2. Fuata waya kutoka gurudumu hadi juu. Waya huu unapigwa na mawe na kuvutwa kila usukani ukikatwa. Fungua kiungo chake utafute maji na kutu. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipofurika na kuingia katika mitaa ya Kalemie, magari yaliyopita majini yalikuwa katika hatari hiyo hasa.

3. Toa kapteri polepole, uisafishe. Ikiwa ni ya sumaku, hukusanya unga wa chuma. Angalia kama pete imepasuka au imekatika jino.

4. Inua gurudumu, ulitikise. Beringi ikilegea, pete huikaribia na kuiacha kapteri. Ndiyo sababu mara nyingine kanyagio hutetemeka gari likikaribia kusimama kwenye njia kavu, hata kama taa haijawaka.

5. Ndipo upime kwa umeme. Kapteri za zamani nyingi huonyesha kama omu 1,000 hivi. Linganisha ya kushoto na ya kulia. Kipimo kisipoonyesha njia yoyote, waya umekatika ndani. Kapteri za kisasa zinazolishwa umeme na kompyuta usizipime kwa omu; tumia mashine.

Usimfunge mlinzi mdomo

Wako wanaong'oa balbu ili taa isiwasumbue. Ni sawa na kumnyamazisha mlinzi anayepiga kelele kwamba mwizi ameingia. Kumbuka kwamba kamioneti ni ya zamu: leo unaiendesha wewe, kesho mwenzako. Wewe unajua ABS haifanyi kazi, yeye hajui. Atakanyaga freni kwa nguvu kwenye mteremko uliolowa, akitumaini kitu ambacho hakipo, na watu wamekaa nyuma.

Kwa hiyo andika ugonjwa katika daftari la gari na umwambie anayekupokea. Na mtoto akiuliza, «Baba, taa ile ni ya nini?» mjibu kweli, kisha upunguze mwendo.

Kawia ufike.