Matembezi ya bure yamfaa mtoto

Wazazi wengi jijini Nairobi hudhani kwamba mtoto hawezi kufurahia Jumapili asipolipiwa bembea na kununuliwa chipsi. Sivyo. Mpeleke bustani ya Jeevanjee kwa miguu, naye atahesabu matatu njiani, ataruka vivuli na kuokota maganda ya jakaranda. (Mwenye haraka huwa ni mzazi.) Kurukaruka huko ni mazoezi: Shirika la Afya Duniani hupendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 17. Mwangaza wa nje nao hupunguza hatari ya macho kushindwa kuona mbali. Anayeshinda sebuleni mbele ya runinga hukosa yote mawili. Penye magari mshike mkono. Kwenye nyasi, mwachilie.