Vigari vya babu si takataka, chunguza kabla ya kuuza

JE, msomaji, kama mchuuzi angebisha mlangoni kwako leo na kukuahidi shilingi 2,000 kwa mkebe wa vigari vya kuchezea vilivyobanduka rangi, ungekataa?

Mama mmoja, jirani yangu mtaani South B, alikuwa karibu kukubali. Marehemu baba yake alikuwa mpishi wa familia ya Kizungu huko Nakuru. Familia hiyo ilipofunga virago kurudi kwao mwishoni mwa miaka ya sitini, ilimwachia sufuria, blanketi na mkebe wa biskuti wenye vigari 11 vya chuma. Wajukuu walivichezea hadi wakachoka, kisha mkebe ukasahaulika juu ya kabati. Sasa karo ya muhula ilikuwa imekaribia, na shilingi 2,000 si pesa za kudharau.

Aliyemzuia ni kifungua mimba wake, kijana wa kidato cha tatu. "Mama, mtu hafungi safari kuja kununua takataka," alimwambia. Mchuuzi akaombwa arudi baada ya wiki mbili.

Kijana alianza pale ambapo kila mtu anapaswa kuanzia: alipindua kila kigari na kusoma maandishi ya chini. Huko ndiko lilikoandikwa jina la mtengenezaji. Dinky Toys vilitoka katika kiwanda cha Meccano jijini Liverpool, kilichofungwa mwaka 1979. Corgi vilianza kuuzwa mwaka 1956 na vilitengenezwa Swansea, Wales. Vilijivunia madirisha ya plastiki, jambo ambalo Dinky hawakuwa nalo wakati huo. Vile vidogo kabisa, Matchbox, vilikuwa vya kampuni ya Lesney ya London, na viliitwa hivyo kwa sababu viliuzwa ndani ya kijisanduku mfano wa kiberiti.

Hapo ndipo wengi hupotoka. Hudhani kwamba kitu kikiwa cha kale, basi ni cha thamani. Sivyo! Chukua ile Aston Martin ya dhahabu ya James Bond ambayo Corgi waliitoa mwaka 1965, yenye kiti kinachomrusha adui nje kupitia paa. Iliuzwa kwa mamilioni, kwa hivyo iliyochakaa na kumpoteza mtu wake si adimu hata kidogo. Mkusanyaji hutafuta ile ambayo bado ina kasha lake na hata kile kikaratasi cha maagizo ya siri. Kwa upande mwingine, mwaka 2008 gari dogo la mizigo la Dinky, la mwaka 1937, liliuzwa mnadani Uingereza kwa karibu pauni 20,000. Kisa? Ubavuni lilikuwa na tangazo la duka moja la baiskeli la London, na yenye tangazo hilo ni machache mno.

Kwa hivyo tofauti ndogo ndizo zinazofanya kazi: rangi, tangazo, hata magurudumu. Kuanzia mwaka 1969 Lesney waliacha magurudumu ya kawaida wakaingia ya kasi, waliyoyaita Superfast, ili kushindana na Hot Wheels za Marekani zilizokuwa zimetokea mwaka 1968. Gari lile lile linaweza kupatikana kwa aina zote mbili, na bei zikawa mbalimbali.

Katika mkebe wa Nakuru, kijana alikuta Volkswagen nyekundu ya Corgi, ile ya kobe. Akaja kugundua kwamba ilikuwa gari letu! Corgi waliitoa katikati ya miaka ya sitini kuadhimisha mbio za East African Safari, ambazo Volkswagen ilikuwa imezishinda mara kadhaa, ikiwemo mwaka 1962. Ndani ya kasha waliweka faru mdogo wa plastiki. Nyumba nzima ikaanza kumsaka faru. Alipatikana chini ya mkebe, amefungwa kwa karatasi, pamoja na kasha lililobonyea.

Furaha haikudumu. Kitinda mimba, msichana wa miaka saba, alitangaza kwa fahari kwamba vigari vingine viwili yeye alikwisha kuvisugua kwa sabuni ya unga, na kimoja akakipaka rangi ya kucha. Mama alicheka. Kijana hakucheka. Rangi ya kiwandani ikishaondoka hairudi, na wakusanyaji hupendelea iliyokwaruzwa lakini ya asili kuliko iliyopakwa upya. Wajuzi hata hutazama ribiti za chini: zikiwa zimetobolewa, hujua gari lilifunguliwa. Vumbi hupanguswa kwa brashi laini, basi.

Na bei? Kijana aliingia katika soko la mnada la eBay. Siku ya kwanza aliona bei za kutia kizunguzungu, akadhani wamekuwa matajiri. Mwalimu wake akamzindua: hizo ni bei ambazo wauzaji wanaomba, na kuomba ni bure. Ipo sehemu ya kuchagua vitu vilivyouzwa tayari. Vilevile kampuni za mnada, kama Vectis ya Uingereza inayoshughulika na vitu vya kuchezea, hutangaza matokeo yao. Aliandika daftarini kila Volkswagen ya aina ile aliyoiona imeuzwa, hali yake, na kama ilikuwa na kasha na faru. Kati ya iliyo uchi na iliyokamilika, bei ilipanda mara kadhaa. Kisha akatoa gharama ya posta na ada ya mnadani, hesabu ambayo watu wazima wengi huisahau.

Mchuuzi aliporudi, mama alimwonyesha vigari kumi tu, bila Volkswagen. Yule bwana alivitazama kimoja kimoja, akakiweka pembeni kile cha rangi ya kucha, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Na ile nyekundu je?"

Mama akamkaribisha chai. Daftari la kijana lilikuwa tayari mezani.