Konokono Wako Anatoa Moshi Saa Nane Usiku? Tulia, Hakuna Ngori: Hivi Ndivyo Wanavyozaana Kwa Tangi la Maji ya Chumvi

Piga picha hii. Ni saa nane usiku. Umemaliza kucheki muvi, taa za keja umezima, imebaki tu ile ya bluu ya tangi lako la maji ya chumvi. Unaenda kuchungulia samaki kidogo kabla ulale. Unapata konokono mmoja amepanda mpaka juu kabisa ya kioo, na anatoa kitu kama moshi mweupe. Kabla ushangae vizuri, mwingine anaanza. Kisha wa tatu. Maji yanaingia ukungu kama yale ya kuosha mchele.

Roho inaruka. Hilo tangi limekula ganji yako kwa miezi, na sasa linakaa ni kama linakufa ukiona.

Hapa ndipo wasee wengi huharibu kila kitu. Wanakimbilia dawa za samaki, wanamwaga chupa ya kwanza itakayoingia mkononi. Asubuhi konokono wote wamelala chali, kamba wamekufa, na matumbawe yamejifunga kama duka siku ya maandamano.

Buda, sistee, weka hiyo chupa chini. Konokono wako si mgonjwa. Anatafuta familia.

Ule moshi ni nini hasa?

Konokono wengi wa baharini wanaouzwa kwa kazi ya kula mwani kwa kioo, kama Trochus na Turbo, hawakutani kimwili ndio wazae. Dume anaachilia mbegu majini, jike anaachilia mayai, na kila kitu kinakutania hukohuko nje. Ule moshi mweupe ni mbegu za dume. Za jike hukaa zaidi kama vumbi au chembe ndogondogo.

Mbona wanapanda juu? Kwa sababu ukitaka mbegu zisambae mbali, unazitoa mahali pa juu ambapo maji yanazibeba. Na mbona wanafanya pamoja? Mmoja akianza, harufu ya kile ametoa inaambia wenzake kwamba saa imefika. Baharini hiyo ndiyo njia ya pekee: ukimwaga mbegu peke yako kwa bahari nzima, umeharibu bure.

Mara nyingi kinachowaamsha ni mabadiliko madogo. Labda umebadilisha maji jana, ama joto limepanda au kushuka digrii kadhaa. Kwa hivyo ukiona moshi usiku baada ya kuweka maji mapya, usijilaumu.

Kumbuka pia kwamba kwa macho huwezi kutofautisha dume na jike wa Trochus. Ukinunua mmoja, huna hesabu. Ukiwa na watano au sita, uko na nafasi nzuri ya kuwa na wote wawili.

Mbona dawa ni hatari hivyo?

Dawa nyingi za kutibu madoa meupe ya samaki zina madini ya shaba. Samaki anaweza kustahimili kipimo kidogo kilichopimwa vizuri. Konokono, kamba na matumbawe hawawezi. Kwao shaba ni sumu hata ikiwa kidogo sana.

Noma zaidi ni kwamba shaba haiondoki haraka. Inaingia kwa mawe na mchanga, halafu inaweza kurudi majini polepole baadaye. Unaweza kununua konokono wapya mwezi ujao, nao pia waende. Samaki akiugua, mtoe umtibu kwa tangi lingine lisilo na mawe. Tangi la matumbawe halimwagiwi shaba, kwisha maneno.

Mayai kwa kioo: jua nani ni nani

Si wote wanatoa moshi. Wengine wanakuachia alama kwa kioo, na ukizijua unaweza kusema nani alipita hapo usiku.

Ukiona uzi mweupe umejikunja-kunja kama tambi, huyo mara nyingi ni Cerith, yule konokono mrefu mwembamba anayechimba mchanga. Ukiona vifuko vidogo vinavyong'aa, vimepangwa kwa mstari au kwa kikundi, huyo ni Nassarius, yule anayejificha mchangani na kutoa pua tu. Siku ya chakula anafufuka kama msee amesikia kuna pilau. Na ukiona nukta nyeupe ngumu kama simsim, zisizotoka hata ukikwangua na kucha, hizo ni za Nerite.

Hakuna hata moja kati ya hizo ni ugonjwa. Huna haja ya kuzikwangua isipokuwa zinakukera macho.

Sasa watoto wako wapi?

Hili ndilo swali linalouma. Umeona mayai mara kumi, na bado hujaona mtoto hata mmoja. Sababu ni maisha ya utotoni.

Konokono wengi wa baharini hawazaliwi wakitambaa. Wanaanza kama vijidudu vidogo sana vinavyoelea. Watoto wa Nassarius, Nerite na Cerith wengi huelea hivyo kwa siku nyingi, hata wiki kadhaa, wakila mwani mdogo ambao hata huuoni. Kwa bahari hiyo ni sawa. Kwa tangi lako, kuelea wiki mbili ni kama kuvuka Thika Road na macho yamefungwa. Kuna pampu inayovuta, kuna kichujio, kuna samaki anayekula kila kinachopita, kuna matumbawe yenyewe yanayokamata chakula. Na hata wakiponea hapo, hakuna mlo.

Trochus yeye amepewa bahati tofauti. Mtoto wake anazaliwa na akiba ya chakula ndani ya mwili. Hahitaji kula akiwa anaelea, na baada ya siku chache hivi, kama tatu mpaka tano, anatua kwa jiwe na kuanza kukwangua mwani. Siku chache pekee za hatari badala ya wiki. Ndiyo maana wenye matangi hupata Trochus wadogo bila hata kupanga.

Hiyo tabia imewafaidi hata binadamu. Kule visiwa vya Pasifiki kama Palau na Vanuatu, Trochus wamezalishwa kwenye matangi na kurudishwa baharini, kwa sababu gamba lao linalong'aa limekuwa likitengenezewa vifungo vya shati kwa miaka mingi.

Mwingine anayezaana vizuri ni Stomatella, anayefanana na konokono aliyepora gamba la mtu mdogo kuliko yeye. Ukimshtua anaweza kuachilia kipande cha nyuma cha mguu wake, kama mjusi na mkia, akaishia zake. Na kuna Collonista, wadogo wa mviringo wasiozidi milimita chache, wanaotoka usiku. Wengi hudhani ni watoto wa konokono wengine, kumbe ni watu wazima tayari.

Fanya hivi ukiona moshi

Kwanza, zima kwa saa chache kile kichujio kinachotoa povu, na kama uko na taa ya kuua vijidudu, izime pia. Ziba mdomo wa pampu na sponji. Lakini usizime kila kitu ukaenda kulala. Maji lazima yaendelee kusonga na kupata hewa, la sivyo samaki watakosa pumzi, hasa kama moshi ni mwingi na tangi ni dogo. Asubuhi washa vitu vyako. Maji yakibaki na ukungu, badilisha kiasi kidogo.

Pili, acha mwani kidogo. Wewe unataka kioo kinachong'aa kila upande, lakini mtoto wa milimita moja anataka kula. Safisha kioo cha mbele, kile cha nyuma kiache.

Tatu, weka maji yasiyoyumba. Chumvi kama gramu 35 kwa lita, joto kati ya digrii 24 na 26, na kalsiamu kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, kwa sababu gamba linajengwa na kalsiamu. Tumia maji yaliyochujwa vizuri, maanake ya mfereji yanaweza kuja na klorini na hata shaba kutoka kwa mabomba.

Chunga wale wageni weupe

Kabla ufurahie kila kitu kidogo cheupe, chukua tochi usiku uangalie kinakaa wapi. Mtoto wa konokono utampata kwa kioo au kwa jiwe, akila mwani. Lakini ukipata vitu vyeupe kama punje za mchele vimejipanga kwa gamba la konokono mwingine, karibu na ule mdomo wake, hao si watoto. Hao ni Pyramidella na ndugu zao, konokono wanaofyonza wenzao. Mtoe mgonjwa, msugue na mswaki laini kwa chombo cha pembeni chenye maji ya tangi, na urudie kila usiku mpaka waishe.

Wakizidi je?

Chakula kikipungua, konokono hufa njaa kimyakimya, na konokono mmoja mkubwa akioza anachafua tangi dogo haraka. Harufu yake hutaisahau. Wakikuwa wengi, gawia wasee wenye matangi. Usiwatupe baharini wala mtoni hata kama unafikiria unawapa uhuru. Unaweza kupeleka ugonjwa ama mgeni asiyetakiwa huko.

Na ukienda Coast usijaribu kuokota wako ufukweni. Ndani ya hifadhi za baharini kama Watamu, Malindi na Kisite, kuchukua konokono au magamba ni marufuku. Hata nje ya hapo, kuna wale wa Conus wenye gamba zuri la kupendeza, na baadhi wana sumu inayoweza kuua mtu. Hiyo si zawadi ya kupelekea mathe.

Hapo ndipo unaona maana ya moshi wa saa nane usiku. Wengi wa konokono wanaouzwa kwa matangi walitolewa baharini. Kila mmoja anayezaliwa kwa keja yako ni mmoja ambaye hakuna mtu atahitaji kumbandua kwa mwamba, na ni pesa imebaki mfukoni mwako.

Kwa hivyo usiku mwingine ukiona ukungu, zima kichujio, acha ile chupa ya dawa mahali iko, na uende ulale. Halafu vumilia. Baada ya wiki kadhaa, ukipitisha tochi kwa kioo cha nyuma ambacho hukusafisha, unaweza kupata kipembetatu kidogo kuliko simsim, kimeacha njia nyembamba safi katikati ya mwani. Huyo ndiye mtoi wako wa kwanza, na tayari ako job.